Kitambaa Chekundu Hakionekani Kwenye Skrini

Zamani, mtu akitaka kuingiza mkono kwenye pampu ya kisima cha mafuta, alifunga kitambaa chekundu kwenye swichi. Basi. Hata bosi mlevi alikiheshimu. Halafu wakubwa wakaleta kompyuta, wakang'oa swichi, pampu zikawa zinawashwa na watu waliokaa mjini kwenye kiyoyozi. Mke wangu kazi yake ilikuwa kufuta mafuta yaliyomwagika. Alifunga kitambaa chake kwenye bomba, kama alivyozoea. Kompyuta itakionea wapi? Pampu ikawashwa, ikamuua. Wakasema ni uzembe wake.

Mimi bado mlinzi palepale. Niende wapi?

Jana mchana pampu ilisimama. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akajipenyeza chini ya gurudumu kutoa mkanda uliokwama.

"Umewaambia mjini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia, shemeji. Acha kunililia sijafa, utaniletea mkosi."

Hata hivyo nikachukua simu ya upepo.

"Mzee, aliyeambiwa ametoka zamu," akajibu binti wa mjini. "Hapa naona pampu ni nzima, imesimama tu. Naiwasha."

"Kuna mtu ndani!"

"Kwenye skrini hayupo."

"Mwanangu, nakuomba! Namwona kwa macho yangu!"

Nikasikia akiuliza mtu. Akarudi. "Mkubwa anasema mafuta hayatoki, tusipoteze muda."

Simu ikakatika.

"Toka!" nikampigia kelele shemeji.

"Mkono umenasa!"

Nikakimbia huku na huku kama kuku. Swichi hakuna. Kilichokuwepo ni mlingoti wa antena, ule unaoleta amri zao kutoka mjini. Nikaokota koleo, nikaupiga kama napiga nyoka, huku namwita mke wangu kwa jina, mpaka antena ikaanguka na waya wake.

Pampu haikusogea. Shemeji akajivuta akatoka, ngozi ya mkono imebanduka, midomo imemkauka. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Huko mjini skrini ikawa nyekundu. Yakaja magari mawili mbio, na mkubwa mwenyewe ndani. Siku ya mke wangu hawakuleta hata baiskeli.

Hakumtazama shemeji. Aliinama akaipapasa antena kama anampima mtoto homa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Nyuma yake fundi alishaanza kushusha antena mpya garini. Koleo sikuliweka chini.