Mayai ya Mama

Mdogo wangu alikuwa akioga asubuhi, mchana na jioni, na bado akipita watu waliziba pua. Mtaani wakambandika jina, Bi Sabuni. Mimi, dada mtu, niligombana na nusu ya mtaa kwa jina hilo. Mdomo wangu wanaujua.

Alifundisha chekechea. Watoto walimrukia mapajani. Wazazi ndio walioleta maneno, eti mwalimu ananuka samaki aliyeoza. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole: harufu isipoisha hadi tukifunga shule, kazi basi. Alilia macho yakavimba. Wale watoto ndio waliokuwa furaha yake.

Nikamburuta hospitali. Majibu ya mkojo yalipotoka, daktari akatueleza kistaarabu.

"Si uchafu, dada. Vijidudu vya tumboni vikichachua chakula, hutoka kitu kinachoitwa trimethilamini. Ini la mtu mwingine hukigeuza, harufu ikaisha. Lako tangu kuzaliwa haliwezi, ndiyo maana kinatokea kwenye jasho na pumzi. Sabuni haikifikii. Acha samaki, maini, na hasa mayai. Utaona nafuu."

Mayai! Jamani, mayai! Tangu utotoni Mama alimkaangia kila asubuhi, ya kuku aliowafuga kwa ajili yake tu. Mtoto akitengwa alikonda, na akikonda Mama alimwongezea.

"Mama asijue," mdogo wangu akaninong'oneza mlangoni mwa hospitali.

"Una wazimu? Na kazi?"

"Dada, atajisamehe vipi? Na muda wenyewe ndio huo."

Mama alikuwa na kansa. Kutwa alilala; nguvu zake zote aliziweka kwa ule mwendo wa asubuhi hadi jikoni. Lakini mimi nilifoka njia nzima, nikaapa nitasema mwenyewe.

Kesho yake nikamkuta Mama jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika mwiko, anahema. "Kaa ule, mwanangu. Unaisha."

Mdogo wangu hakunitazama. Alikula, akafuta sahani kwa mkate, akasema, "Ahsante Mama, nimeshiba." Uso wa Mama ukachangamka hivi! Nami, na mdomo wangu wote, nikanywa chai kimya. Roho iliniuma.

Shule ilipofungwa, wakamwachisha kazi. Ilipofunguliwa, Mama akauliza mbona hatoki.

"Tumeongezewa likizo, Mama."

"Afadhali," akasema Mama, akivunja yai. "Utapata nafasi ya kula vizuri."