Kiatu Kitakachoruka

Miaka miwili Chiriku alishika taa. Wengine walipiga picha, wengine walihariri, yeye akashika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Mdomo ndio haukufa, na ndiyo maana wakamwita Chiriku. Sasa mhariri wa studio ya video ameacha kazi, kiti chake kitupu, na mwiko wa pale wote waliujua: kiti cha mhariri hakikaliwi mpaka bosi aseme.

Bosi alisema hivi asubuhi ile:

"Fundi viatu anataka tangazo. Kiatu kiruke kutoka kwenye benchi yake mpaka juu ya kibao cha duka. Anakuja saa nane. Kikiruka, kiti chako. Kisiporuka, taa unajua ilipo."

"Kitaruka, bosi! Kitaruka mpaka uombe kishuke!"

"Mdomo huo," bosi akasema, akaenda zake.

Chiriku akasimama mbele ya kompyuta yenye picha ya kiatu, kiti kando yake kikimwita. Kazi aliijua kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Unaweka alama kwenye fremu moja, yaani picha moja ya video: hapa kiatu kiwe chini. Unaweka nyingine mbele yake: hapa kiwe juu. Njia ya katikati kompyuta inaitafuta yenyewe. Lakini Chiriku na kiburi chake! Mashine ndiyo ikichagulie kiatu chake njia? Thubutu! Akaweka alama kwenye kila fremu, sabini na tano kwa sekunde tatu, akikisogeza kiatu kwa mkono wake mwenyewe. Saa sita na nusu akaichezesha video.

Kiatu kikatetemeka angani kama mgonjwa wa homa.

Akapiga teke sakafu. Punde ngazi zikalia, akaingia shangazi yake, fundi cherehani wa chumba cha chini, futi shingoni, kifuko cha pini kimefungwa kwenye kifundo cha mkono.

"We mtoto! Dari likiniangukia utanishonea wewe magauni ya watu?"

"Shangazi, nimekwisha."

Shangazi akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Na hivi vidoti vilivyojipanga kama siafu?"

"Alama. Kila moja inakishika kiatu mahali pake."

"Zote hizi?" Akacheka mpaka futi ikamdondoka. "Mimi nikipiga pini kila upana wa kidole, gauni litakunjamana kama uso wako. Nashika bega, nashika kiuno, nashika pindo. Kwingine naiachia nguo ijiangukie."

Chiriku akamkodolea macho. Kisha akaanza kufuta. Akafuta, akafuta, zikabaki tatu: benchi, kilele, kibao. Akaichezesha video. Kiatu kikapita laini, bila tetemeko hata chembe.

"Kimeruka!"

"Kimebebwa," shangazi akasema. "Kama sinia la chai."

Kweli. Mwendo ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chiriku akamnyang'anya kifuko cha pini, akakirusha juu, akakidaka. Akakirusha tena.

"Ona, shangazi! Kule juu kinasitasita! Kikishuka ndipo kinashika kasi!"

"Zitakutoboa hizo!"

"Zinitoboe!"

Zikamtoboa. Akanyonya kidole, mkono mwingine ukavuta mstari unaopanga kasi ya kiatu kwenye alama ya kilele, mstari ukapinda kama mgongo wa paka. Akaichezesha tena. Kiatu kikachupa, kikaning'inia kileleni kama kinachowaza, kikashuka kwa kishindo juu ya kibao. Shangazi akapiga kigelegele, na Chiriku akaruka juu kuliko kiatu.

Saa nane fundi viatu, mzee wa mvi, akaketi kwenye stuli, bosi nyuma yake amekunja mikono. Akatazama.

"Rudia."

Ikarudiwa. Mzee akajipapasa mguu wake mwenyewe, kana kwamba anahakikisha upo.

"Rudia."

Mara ya tatu akakohoa. "Kimetua vizuri. Lakini mimi siuzi kiatu kimoja kimoja. Cha kushoto kiko wapi?"

Chiriku akamtupia bosi jicho.

Mzee akamgeukia bosi. "Cha kushoto kitaruka lini?"

"Mimi hayo siyajui," bosi akajibu, akiiokota taa kwenye kona ilikokuwa. "Muulize mhariri."

Chiriku akavuta kiti, akakaa.