Wezi Wavivu

Evangelina wa Rumonge aliuza sabuni za mawese hadi Ulaya, akilipwa mtandaoni kupitia kampuni ya malipo. Asubuhi moja alipata barua pepe: "Mteja mpendwa, akaunti yako itafungwa leo. Bonyeza hapa uandike neno la siri."

"Bonyeza mbio, Mama Eliana!" mumewe, Casimir, alihimiza.

"Nibonyeze nini? Kampuni inajua jina langu, isingeniita 'mteja' tu. Na hii anwani, ona, hata jina la kampuni wamelikosea herufi. Wezi gani hawa, wavivu hata wa kuiba!"

Hakukigusa kile kiungo. Alifungua akaunti yake kwa njia yake ya kila siku.

"Iko salama," alisema, akaifuta barua huku akisonya. "Wewe ungewapa vyote, na asante juu."

Evangelina akarudi kukata miche ya sabuni.