Kikombe cha Magharibi

Mwezi ulipoandama, Mariyamu hakukalika. Alizunguka nyumba za majirani pale Rumonge, kanga ikimponyoka begani, akiwatangazia hata wasiouliza kwamba mwaka huu mwanawe Radjabu anafunga. Radjabu huyo huyo aliyetumia unga wa kulevya miaka nenda rudi! Waliosema anaringa aliwaambia ndiyo, anaringa.

Asubuhi kitumbua kikaingia mchanga. Kila siku Radjabu huenda kituoni kunywa metadoni, dawa ya maji inayotuliza hamu ya unga, mbele ya muuguzi, kisha huzungumza na mshauri wake, Jovita. Dawa ikipita kooni, saumu imevunjika. Asipokunywa, mwili utaanza kudai unga, na kule ufukweni wauzaji hawana Ramadhani. Shehe alikwisha sema mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini Radjabu hakutaka ruhusa. Alitaka kufunga kama watu wa kwao na alitaka kupona, basi akaketi mlangoni, kiatu kimoja mguuni, hajui ashike lipi.

Mariyamu hakumsubiri aamue. Alitoka mbio hadi kituoni, akamkuta Jovita anafungua madirisha, wala salamu hakuimaliza.

"Hii dawa, munaweza kuitoa magharibi?"

Jovita aliacha madirisha, akamgeukia. Yeye ni Mkristo aliyekulia uhamishoni Kigoma, na Ramadhani anaijua kwa kuiona kwa majirani tu. Akaeleza kwamba kila mwaka mwezi huu vijana kadhaa hutoweka, nao kituoni hudhani wamechoka na matibabu. Sasa akaelewa: kumbe walikuwa wanajaribu kufunga na wanaona haya kusema, mpaka mwili uwashinde na unga uwarudishe ufukweni.

"Mama Radjabu," akasema, "hakuna aliyewahi kutuuliza."

Akampigia daktari simu papo hapo. Daktari aliuliza maswali mengi, Mariyamu akiwa ameng'ang'ania ukingo wa meza. Mwishowe akakubali: wanaofunga watakunywa jioni, na kwa leo Jovita akae nao kituoni mchana kutwa, asiachwe mtu peke yake na hamu yake. Mariyamu alimkumbatia Jovita nusura amwangushe.

Jua likishuka nyuma ya milima ya Kongo, benchi la kituo lilikuwa limejaa vijana wanaofunga. Mariyamu alifika na tende na sufuria ya uji. Radjabu alikuwa anapiga miayo, pua inamtiririka, mwili ukidai unga, lakini alikuwepo. Adhana ilipolia akatia tende mdomoni, akapokea kikombe cha dawa na kukimaliza chote. Mariyamu alilia mbele ya watu wote, wala hakujali.

Radjabu akajifuta mdomo, akamgeukia.

"Mama, uji iko?"

Miaka yote ya unga mwanawe hakuwahi kumwomba chakula; alikuwa anaomba pesa tu, au anajichukulia.

"Iko, baba," akasema. "Iko mingi." Akammiminia mpaka bakuli likafurika, na mikono yake yote miwili ikaungua.