Migongo ya Warrabeel

Merrin Tulloch hakuwa na desturi ya kuchora uso aliookota kwenye picha za simu. Alipopewa kazi ya kuchora picha kubwa kwenye silo, ghala refu la ngano la mji mdogo wa Warrabeel, alisafiri na kamera yake, akamwomba Dulcie Pfeiffer, mwenyekiti wa kamati ya mji, awaite wakulima ukumbini wakiwa vilevile walivyo shambani.

Walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Lindsay Mibus, ambaye hakuna aliyekumbuka kidevu chake, alikuwa amenyoa ndevu. Mbwa wake alinukia sabuni.

"Niliomba mje kama mlivyo," Merrin alisema.

"Ndivyo tulivyo, binti," Dulcie alijibu. "Ila tumeoga."

Aliwapiga picha mmoja mmoja. Kila mtu alikaza shingo kama anayepigwa picha ya leseni. Merrin alizipitia zote na hakuona hata moja ya kufaa. Mashine ya kumpandisha juu ilikuwa inakuja Jumatatu, na mavuno yakishaanza, malori yangelizunguka silo mchana kutwa. Asipopata picha ya kweli leo, angelazimika kuchora uongo, nao ungekaa pale miaka mingi.

"Tatizo ni Lindsay," alisema Keith, jirani yake wa shamba. "Zile ndevu zilikuwa zinatuficha mengi."

"Na wewe ungebandua karatasi ya bei kwenye kofia kwanza," Lindsay alimjibu.

Merrin alianza kufunga vifaa. Mtu aliyekaa karibu na mlango akatoka bila kuaga, wa pili akamfuata, na punde ukumbi ukabaki na vikombe vya chai ya moto. Akatoka kuwatafuta.

Walikuwa wametawanyika barabarani, wamegeukia magharibi. Wingu zito lilikuwa limepanda juu ya mashamba. Ngano ilikuwa imeshakauka; mvua ya sasa ingeishusha daraja, iuzwe kama chakula cha mifugo. Lindsay alikuwa ametia vidole mfuko wa nyuma wa suruali. Keith aliegemea mguu mmoja. Dulcie alijishika kisogo. Merrin aliwapiga picha kutoka nyuma, tena na tena, na hakuna aliyegeuka.

Wingu likakata kuelekea kaskazini, likaenda zake.

Jioni aliweka mchoro wa mkaa kwenye meza ya ukumbi. Wakauzunguka.

"Umetuchora migongo," Dulcie alisema.

"Ndiyo."

"Sisi tuliomba nyuso. Watu watoke miji mikubwa na magari yao, waje kutazama makalio ya Lindsay?"

"Afadhali hayo kuliko kile kidevu," Keith alisema.

Merrin hakubembeleza. "Ukumbini mlikuwa mnapigwa picha. Pale barabarani mlikuwa mnaangalia ngano yenu. Mkiukataa huu, tafuteni mchoraji mwingine, maana mimi sina kingine."

Dulcie aliinama juu ya mchoro. "Huyu Keith, na goti lake. Huyu Marj. Huyu mimi." Aliwataja wote, wasio na nyuso, bila kusita. Kisha kidole chake kikatua kwenye wingu. "Hatimaye lilimnyeshea nani?"

"Akina Schultz, kule kaskazini," Keith alisema. "Milimita kumi na mbili."

"Nne," Lindsay alisema. "Nimempigia simu Schultz mwenyewe."

"Nne kwa kipimo gani, kijiko?"

Wakavuta viti, ubishi ukapamba moto. Dulcie hakuondoa macho kwenye mchoro.

"Lindsay," alisema, "Jumatatu umsaidie binti kubeba rangi."