Swali la Zachary Kuhusu Kujitenga

Viatu vya Zachary vilikuwa safi mno. Mvua ilikuwa imeinyeshea Kitale tangu alfajiri, njia ya msikitini ilikuwa tope tupu, na mtu huyu aliyesema ametoka Bungoma kutafuta vitunguu alikuwa ameketi mkahawani na viatu vinavyong'aa. Ladan alimwekea chai bila kuinua macho.

Kesho yake Ladan angekwenda kuomba kitambulisho. Bila hicho, kazi ya upishi aliyoahidiwa ingemponyoka. Shafi, mdogo wa babake aliyemwita Adeer, na mwenye mkahawa, alikuwa amemwonya kwamba Msomali, hata babu yake awe alizaliwa hapa hapa, huulizwa kama moyo wake uko Kenya. Watu walisema maswali hayo yalishaondolewa. Shafi alisema mlango umefungwa, dirisha je, si wataulizia hapo?

Mezani Zachary alikuwa akibishana na Kimutai, mwendesha boda kutoka Kapsokwony kule mlimani, kama katiba inawapa watu haki ya kujitenga na nchi. Kimutai alishikilia kwamba kisichokatazwa kimeruhusiwa. Zachary akapekua simu, akasema taifa ni moja na haligawanyiki, na mipaka haiguswi bila kura ya wananchi.

"Basi tupige hiyo kura, mlima wetu uende zake," Kimutai akasema. "Nyinyi wa Bungoma tutawauzia maji kwa chupa."

Watu wakacheka. Zachary akamgeukia Ladan.

"Na nyinyi Wasomali, dada? Si zamani mlitaka kutoka?"

Shafi akatangaza kwamba maandazi yamekwisha, ilhali sinia lilikuwa limejaa.

"Mimi ni wa Kipsongo, hapa hapa Kitale," Ladan akasema.

"Hiyo najua. Nauliza moyoni."

Moyoni. Neno lile lile la Shafi. Nani alimtuma?

"Kaka," Ladan akasema, "Kimutai akisema anataka kutoka, ni mzaha. Mimi nikisema, ni kesi. Kunywa chai yako."

Kimutai akaacha kucheka. Zachary akaondoka akiiacha chai nusu.

Kesho yake karani wa vitambulisho alitazama cheti cha kuzaliwa cha Ladan, akamchukua alama za vidole, akamwambia asubiri ujumbe. Ladan alirudi mkahawani mbio mbio.

Shafi akaacha kusugua sufuria. "Hawakuuliza kitu?"

"Hata jina la babu, Adeer."

"Basi jibu walikuwa nalo."

Furaha ikamtoka Ladan. Tangu hapo, kila simu ilipolia, alijiuliza kama alimjibu Zachary vizuri au vibaya.