Mzigo wa Mageni

Mzee Sabiti alifariki Jumatatu moja ya mwaka 1952, mvua za masika zikielekea ukingoni, na hakuwaachia wanawe wawili kitu cha kugombania isipokuwa tandiko la farasi.

Mwanaima na kaka yake Akida walikua wakiliona likining'inia kwenye kigingi chumbani mwa baba yao, pale mtaani nyuma ya stesheni ya Shinyanga. Kila mwezi mzee alilishusha, akalipaka mafuta ya kondoo, akalisugua kwa kitambaa, akalirudisha. Farasi mwenyewe hakuwapo na hakuwahi kuwapo. Nchi ile ilikuwa ya ndorobo, mbung'o wa kuleta malale, na farasi yeyote aliyeletwa alikonda na kufa kabla hajazoea majani ya huku. Watoto walipouliza, baba yao aliwajibu neno lile lile: "Si langu. Nimelishika tu."

Siku mbili kabla ya kukata roho alimwita Mwanaima akamwambia, "Tandiko lile mpelekeeni mwenyewe."

"Mwenyewe nani, baba?"

Mzee akageuza uso ukutani. Hakusema tena neno la maana mpaka alipokata roho.

Arobaini ilipopita, Akida alikuja kutoka Mwadui, alikokuwa fundi mwashi kwenye mgodi wa almasi. Alikaa barazani, akanywa chai, akasubiri majirani waondoke.

"Kuna Mzungu mmoja kule namjengea ukuta," alisema. "Nimemsimulia habari ya tandiko. Anataka kulitundika sebuleni kwake kama pambo. Atatoa bei nzuri, Mwanaima."

"Baba alisema lipelekwe kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni Mjerumani fulani wa vita ile ya kwanza. Utampata wapi? Ameshaoza zamani."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," Mwanaima alisema. "Kama tunauza, basi angalau tujue tunauza nini."

Mwanaima alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mjane asiye na mtoto, muuza vitumbua stesheni. Kesho yake, alipomaliza kuuza, alilifunga tandiko kwenye kanga akampelekea Bartholomeo, fundi wa viatu aliyefundishwa kazi ya ngozi na mapadri. Bartholomeo alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mishono. Chini ya ubawa mmoja wa pembeni palikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto na jina la mji wa Ulaya ambalo hakuweza kulisoma vizuri.

"Ngozi ni ya ng'ombe wa kwao, imelainishwa kiwandani," alisema. "Uzi huu pia ni wa kwao. Lakini hapa limeraruka, likashonwa kwa mshipa wa mnyama. Mkono wa mtu wa huku." Kisha akaligeuza tena, akatazama upande wa chini. "Sogea hapa, Mwanaima. Tandiko likikaa juu ya farasi, jasho lake huila ngozi pande hizi mbili, kulia na kushoto. Hizi pande ni nzima. Sasa tazama katikati, kwenye ubao wa ndani."

Mwanaima alitazama. Katikati, mahali ambapo mgongo wa farasi haugusi kabisa, ubao ulikuwa umelika na kung'aa, duara lenye ukubwa wa sahani.

"Hapo palikaa ngata, nguo ya kutwikia mzigo," Bartholomeo alisema. "Kichwa cha mtu. Hili halikupandiwa sana. Hili lilibebwa, na lilibebwa mbali."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwanaima alikuwa akiwaza. Alijua kwamba baba yake alikuwa pagazi katika vita ya Wajerumani na Waingereza, ingawa mzee hakupenda kuisimulia. Alijua pia kwamba katika watu wote waliobeba mizigo pamoja naye, mmoja tu ndiye aliyekuja kumtembelea: Mzee Valerian, mlinzi wa lango kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita. Alikuja kila baada ya miaka miwili mitatu. Wazee wale walikaa chumbani mlango umefungwa, na mgeni alipoondoka baba yake hakula siku ile.

Alilifunga tena tandiko, akapanda nalo treni mpaka Mwanza, akavuka maji, akapata lori lililopeleka magunia ya unga mgodini. Alifika Geita mavumbi yamemjaa mpaka kwenye kope. Valerian alikuwa ameketi kwenye kibanda chake langoni, koti la kazi limemzidi mwili. Alimtambua mara moja, akaliona na furushi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sabiti amekwenda?"

"Amekwenda, baba. Ana siku hamsini."

Valerian alifanya ishara ya msalaba. Hakulia. Aliomba mwenzake amshikie zamu, akamchukua Mwanaima mpaka chumbani kwake, akalifungua furushi mwenyewe, akaliona tandiko linang'aa kwa mafuta.

"Tulikamatwa watu watatu siku moja, mnadani Shinyanga," alianza. "Mimi, baba yako, na Mageni wa Didia. Mageni alikuwa mrefu kuliko sisi, mcheshi, ameoa mwaka ule ule. Tulifungwa kamba moja. Tukabebeshwa mizigo ya Wajerumani, Waingereza wakiwa nyuma yetu, tukaelekea Tabora. Bwana wetu Mjerumani alikuwa na farasi mwekundu. Ndorobo wakamuuma farasi yule akafa kabla hatujafika Tabora. Bwana alilia, mwanangu, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akasema tandiko lisiachwe, atapata farasi mwingine mbele ya safari. Akapewa Mageni alibebe."

"Akampata farasi mwingine?"

"Wapi! Tulitoka Tabora tukaingia porini kusini, tukapita Sikonge. Chakula hakuna. Mageni akashikwa na tumbo la kuhara damu. Siku ya tatu hawezi kusimama. Baba yako akamwomba mnyapara tukate miti tutengeneze machela. Mnyapara akasema hivi, nayakumbuka maneno yake kama nayasikia sasa: 'Mzigo ukipotea, mtapigwa. Mtu akipotea, amepotea.' Akamwelekezea baba yako tandiko kwa fimbo. Akasema, 'Chukua.'"

Valerian alisimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Tukamlaza Mageni kivulini. Baba yako akamwachia kibuyu chake cha maji. Mageni akaivua ngata kichwani mwake, akampa baba yako. Akasema, 'Mwambie Limi sikutoroka.' Limi ndiye mkewe. Basi baba yako akalitwika tandiko, tukaondoka. Mimi niligeuka nyuma. Yeye hakugeuka, mzigo haukumruhusu kugeuza shingo."

Nje mashine za mgodi zilikuwa zikisaga mawe bila kupumzika. Mwanaima alikuwa ameushika upindo wa kanga yake na hakuweza kuuachia.

"Baada ya siku mbili tuliposimama asubuhi kuteka maji, mizigo ikiwa kando yetu, baba yako akatoroka. Alikwenda na tandiko lile lile, maana pagazi akikutwa bila mzigo alipigwa risasi, lakini mwenye mzigo angeweza kusema amepotea njia. Akarudi mpaka pale. Kibuyu alikikuta. Mtu hakumkuta. Alitafuta siku nzima. Unajua fisi wa mapori yale." Alilitazama tandiko. "Ngata ilichakaa njiani, na hakuwa na kitu kingine cha Mageni cha kurudi nacho."

"Na Limi?" Mwanaima aliuliza. "Alimpelekea maneno yake?"

"Mara tatu alianza safari ya kwenda Didia. Mara tatu akaishia njiani. Angemwambiaje mwanamke yule? Kwamba alichukua tandiko akamwacha mumewe? Na mimi nilikuwa na mdomo, mwanangu. Mimi pia sikwenda."

Mwanaima alirudi Shinyanga akamkuta Akida anamsubiri, na alimsimulia yote bila kuficha. Akida alisikiliza kichwa kimeinama. Alipokiinua, uso wake ulikuwa mgumu.

"Sasa unataka nini? Uende Didia ukamtangaze baba? Mzee amezikwa kwa heshima, watu wamemsomea, leo binti yake aitembeze aibu yake nyumba kwa nyumba?"

"Huyo mama bila shaka anaambiwa kwa miaka thelathini na sita kwamba mumewe alimkimbia."

"Huenda amekufa."

"Nikimkuta amekufa nitarudi nalo, ukaliuze unakotaka."

"Ukienda, Mwanaima, utakwenda peke yako."

Alikwenda peke yake. Basi lilimshusha Didia jua likiwa la saa nne, akauliza kwa mama aliyekuwa akianika michembe ya viazi, akaonyeshwa boma lililozungushiwa ua wa minyaa. Mwanamume wa makamo alikuwa akitengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Alikuwa mrefu sana. Mwanaima alisimama akamtazama mpaka mtu yule akaona haya.

"Mwangaluka," yule mtu alimwamkia kwa Kisukuma. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Mama Limi, aliyekuwa mke wa Mageni."

Mwanamume aliiweka nyundo chini taratibu. "Mimi ni Thobias, mtoto wake. Huyo Mageni hatumtaji hapa. Alimwacha mama yangu na mimba akakimbilia pwani."

"Ndiyo maana nimekuja, kaka yangu," Mwanaima alisema. "Hakukimbia."

Limi alitoka nyumbani akishika mwimo wa mlango. Alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Mwanaima alimwamkia kwa kumwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaletewa kigoda, akasimulia. Hakupunguza chochote. Alipofika kwenye maneno ya mnyapara aliomba maji, Thobias akamletea, akanywa, akaendelea. Alimaliza kwa kusema, "Aliyelichukua tandiko ni baba yangu. Jina lake Sabiti. Alikaa Shinyanga mpaka amekufa mwaka huu."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya ghala. Limi aliweka mikono mapajani.

"Shinyanga," alisema. "Pale pale kwenye treni?"

"Ndiyo, mayu."

"Nimeuza karanga stesheni ile. Ningetembea kwa miguu nikafika kabla ya jua kuzama."

"Ndiyo, mayu."

"Mama mkwe wangu alikufa akinilaumu kwamba nilimfukuza mwanawe kwa mdomo wangu. Huyu mtoto amepigana na kila kijana wa hapa." Aliligeukia furushi. "Nifungulieni."

Thobias alilifungua. Bibi kizee alilipapasa tandiko lote, ubawa, mikanda, vikuku vya chuma vya kuwekea miguu. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akakizungusha kikawa ngata.

"Nitwike."

"Mama, ni zito."

"Nitwike, nimesema."

Mwanawe na Mwanaima walilinyanyua wakalitua juu ya kichwa chake. Shingo ilizama kidogo. Limi alikwenda nalo, hatua moja baada ya nyingine, mkono mmoja hewani, kutoka mlangoni mpaka kwenye lango la zizi. Thobias alimfuata nyuma ameinyosha mikono kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Pale zizini aliinama, tandiko likaanguka mavumbini kwa kishindo, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. Alimwita Mageni kwa jina, kwa sauti kubwa, mara nyingi, mpaka wanawake wa maboma ya jirani wakaacha mitwangio yao wakaja mbio.

Msiba ulikaa siku nne. Limi alinyolewa nywele kama mjane wa jana. Watu waliokuwa wakimcheka Thobias utotoni walipanga foleni kumpa mkono, naye aliipokea mikono yao bila kuwatazama usoni. Mwanaima alikaa jikoni na wanawake wengine, akatwanga, akasonga, akaosha vyungu. Wengine walimkwepa. Hakuna aliyemfukuza.

Siku ya pili wazee walijadili tandiko. Mmoja alisema lizikwe badala ya maiti. Mwingine alisema lipelekwe Mwadui likauzwe, kwani habari za yule Mzungu Mwanaima alikuwa amezisema pia. Limi alisikiliza, kisha akasema kwa sauti isiyo na mjadala:

"Siwezi kuzika kitu cha Mjerumani kwa jina la mume wangu. Wala sitaki kikae ukutani kwa mtu. Thobias, likate. Asitokee mwingine wa kulibeba."

Thobias alichukua kisu. Ngozi aliikata mikanda ya kufungia nira za ng'ombe. Vikuku vilikwenda kwa mhunzi. Mbao, zikiwa zimekauka na kushiba mafuta, zilitiwa motoni chini ya chungu cha nyama ya msiba, zikawaka vizuri.

Siku ya kuondoka, Mwanaima alipiga goti mbele ya Limi.

"Mayu, sijui nikuombe nini kwa niaba ya baba yangu."

"Usiombe," Limi alisema. "Kumsamehe bado sijamsamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini wewe umekuja. Wewe uje tena."

Akida hakusema na dada yake miezi mitatu. Alikuja siku ya Idi, amechukua mkate wa sukari, akakaa barazani, akauliza kwa mkato, "Huyo mtoto wa Mageni ni mtu wa namna gani?" Mwanaima akamweleza. Akida alisikiliza mpaka mwisho.

Baada ya mavuno ya pamba, Limi alikuja Shinyanga na Thobias. Akida ndiye aliyewapeleka makaburini. Bibi kizee alisimama mbele ya kaburi la Sabiti kitambo kirefu, ameegemea fimbo, na hakuna ajuaye alisema nini moyoni. Alipogeuka aliuliza treni ya Tabora inaondoka lini.

Mzee Valerian, aliyeitwa na Mwanaima, alikuwa ameshafika kutoka Geita, ameomba likizo yake ya kwanza tangu aajiriwe. Alisema pale walipomlaza Mageni pana korongo kavu, na mawe matatu makubwa upande wa machweo, na kwamba akifika Sikonge miguu yake itakumbuka. Asubuhi ya Alhamisi walipanda behewa la daraja la tatu: yeye, Limi, Thobias. Mwanaima aliwapa vitumbua vya njiani kupitia dirishani. Akida alikwisha kuingia ndani kabla yao, anawatafutia mahali pa kukaa, na filimbi ilipolia hakushuka.